Mlio wa kokoto ndani ya injini

Leo sina habari za programu mpya. Nina habari za Peugeot 504 ya ami yangu, na nadhani mtaona kwa nini nimezileta hapa.

Gari hilo lilianza kulia likipanda kutoka Kibarani kwenda Changamwe. Kwenye tambarare, kimya. Ukikanyaga mafuta mlimani, unasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya mkebe. Fundi wa kwanza alitaka kufungua injini yote, na bei yake ilimkosesha ami usingizi. Wa pili, mzee mmoja wa pale Kibarani, aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni. Hakusikia kitu, maana gari lilikuwa limesimama. Akaniuliza, "Mwanangu, hulia wakati gani?"

Swali hilo lina historia. Sisi tukisema injini imenoki huwa tunamaanisha imekufa, lakini neno lenyewe la Kiingereza lilikuwa jina la mlio huu wa kugonga. Mwaka 1916 huko Dayton, Marekani, Charles Kettering alimpa kijana Thomas Midgley kazi ya kutafuta chanzo chake. Lawama zilikuwa juu ya mfumo wa umeme wa kuwasha cheche, alioubuni Kettering mwenyewe. Midgley akatengeneza chombo cha kuonyesha shinikizo ndani ya silinda, akaona kwamba mgongo ule hutokea baada ya cheche: mafuta yaliyobaki hulipuka kwa mpigo badala ya kuungua taratibu.

Hapa ndipo ninapopapenda. Walidhani mafuta yakitiwa rangi nyekundu yatanyonya joto vizuri zaidi. Kwa kukosa rangi inayoyeyuka kwenye mafuta, Midgley akatia ayodini. Mlio ukapungua! Mwingine angefunga kazi na kwenda nyumbani. Yeye akajaribu rangi nyingine nyekundu, na hakuna hata moja iliyosaidia. Wekundu haukuhusika. Ni mara ngapi tumerekebisha kosa kwenye programu bila kujua kwa nini limetoka?

Ubaya ni kule utafutaji ulikofikia. Tarehe 9 Desemba 1921 walijaribu mchanganyiko wenye madini ya risasi, mlio ukaisha kabisa. Mafuta hayo yakaanza kuuzwa mwaka 1923. Oktoba 1924, wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu yake. Biashara iliendelea hata hivyo, na risasi ikatoka kwenye mabomba ya moshi miaka mingi, ikiharibu akili za watoto waliokaa kando ya barabara. Mlio ulinyamazishwa, gharama ikahamishiwa kwa asiye na gari.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia Januari 2006 Kenya ilikuwa imeiacha. Ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Tangazo lilitolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Nairobi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichofunguliwa mwaka 1963 juu ya mlima uleule unaoitesa 504, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013.

Turudi kwa mzee. Nilipomjibu kwamba hulia mlimani tu, alilegeza boliti ya distribyuta, akaizungusha kidogo sana, akakaza. Cheche ilikuwa ikitoka mapema mno. Kuna mtu aliichezea wakati wa sevisi. Kwa hiyo safari hii lawama za Dayton zingekuwa za haki.

Tulipanda tena Changamwe, ami akiwa amezima redio. Kimya. Ila sasa tunasikia mlango wa nyuma unalia, na huo bado hatujaujua.