Mtumiaji Alivyoingia Katika Darasa la Ubunifu

Kwa muda mrefu mwanafunzi wa ubunifu wa bidhaa alifundishwa kuzijua mbao, chuma na kioo kuliko kumjua mtu atakayekitumia kile anachokitengeneza. Katika Bauhaus, shule iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, alianza na rangi, umbo na malighafi, kisha akaingia karakana. Shule ya Ulm, iliyofanya kazi kuanzia 1953 hadi ilipofungwa mwaka 1968, iliongeza sosholojia na elimu ya vipimo vya mwili. Huko Marekani, Henry Dreyfuss alichapisha mwaka 1955 michoro ya Joe na Josephine, mwanamume na mwanamke wa wastani, urefu wa mkono na upana wa nyonga vikiwa vimeandikwa kwa tarakimu. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Lakini mchoroni Joe ana kimo, hana jirani wala deni. Vipimo vyake vinasema kiti kiwe na urefu gani. Haviulizi kama kiti hicho kitapita mlangoni.

Maswali ya namna hiyo yaliulizwa vizuri zaidi India. Charles na Ray Eames walizunguka nchi hiyo kwa mwaliko wa serikali, na mwaka 1958 wakaandika ripoti ya jinsi ya kuanzisha taasisi ya ubunifu. Sehemu inayokumbukwa zaidi inahusu lota, chombo kidogo cha shaba chenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba, ambacho watu huchotea na kubebea maji. Ripoti inajiuliza: mtu akitaka kubuni chombo hicho upya aanzie wapi? Inajibu kwa maswali zaidi. Kinabebwa kichwani, nyongani au mkononi? Kinachukua maji kiasi gani, na uzito unakaa wapi kikijaa na kikiwa kitupu? Kinamiminwaje, kinasafishwaje, kinaonekanaje kikipigwa na jua? Kinagharimu kiasi gani, na kikichakaa shaba yake inauzika? Kwa maoni yao hakuna mtu mmoja anayeweza kudai kwamba ndiye aliyekibuni, kwa kuwa ni watu wengi wa vizazi vingi waliokirekebisha kidogo kidogo. Taasisi iliyotokana na ripoti hiyo, National Institute of Design, ilianza Ahmedabad mwaka 1961.

Orodha ile ni etnografia tayari, ingawa neno lenyewe halikuwa la wabunifu. Lilikuwa la wanaanthropolojia, watu ambao tangu Bronislaw Malinowski alipokaa visiwa vya Trobriand wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia walishika kanuni moja: ishi na watu, jifunze lugha yao, na uangalie wanachofanya badala ya kutosheka na wanachosema wanafanya.

Ushiriki wa mtumiaji katika ubunifu ni jambo jingine, na haukuzaliwa shuleni. Ulizaliwa katika vyama vya wafanyakazi vya nchi za Skandinavia, kwa sababu ya hofu ya kompyuta. Kristen Nygaard wa Norway, ambaye pamoja na Ole-Johan Dahl alikuwa ameunda lugha ya kompyuta ya Simula katika miaka ya 1960, aliiona hatari hiyo katika kazi yake mwenyewe. Simula iliweza kuiga mwenendo wa kiwanda kizima, na aliyeshika picha hiyo angeweza kupanga kazi ya watu bila kuwauliza. Kati ya 1971 na 1973 Nygaard akafanya utafiti pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha Norway. Mwanzoni ilitarajiwa kwamba tunda la mradi litakuwa ripoti za watafiti. Njiani wakageuza mpango: matokeo yatakuwa yale ambayo wafanyakazi wenyewe watafanya kwa ujuzi walioupata. Mwaka 1975 shirikisho la vyama na lile la waajiri likatia saini mapatano yaliyowapa wafanyakazi haki ya kupewa habari za mifumo ya kompyuta kwa lugha inayoeleweka, na ya kuwa na mwakilishi wao wa masuala hayo. Sweden ikapitisha sheria ya kushauriana mahali pa kazi mwaka 1976.

Mradi ulioathiri ubunifu zaidi ni UTOPIA, ulioendeshwa kuanzia 1981 hadi 1985 na watafiti wa Sweden na Denmark kwa ushirikiano na muungano wa vyama vya wachapaji wa nchi za Nordiki. Kompyuta zilikuwa zinaingia katika vyumba vya magazeti, na watu waliotumia maisha yao kupanga kurasa kwa mikono walitaka kuwa na sauti juu ya mashine zitakazokuja. Watafiti walianza na michoro ya mifumo, ile yenye visanduku na mishale. Haikuwafikia wachapaji, michoro iliwaeleza walioichora. Ndipo wakaacha michoro wakachukua mbao, karatasi na maboksi matupu. Skrini ikawa karatasi iliyobandikwa ubaoni, ikibadilishwa kwa mkono kila mpanga kurasa alipotoa amri. Boksi moja tupu liliandikwa tu kwamba ni printa ya leza ya mezani, kitu ambacho wakati huo kilikuwa bado hakijazoeleka. Mchapaji alisimama mbele yake, akafanya kazi yake ya kila siku kana kwamba mashine ipo, akasema hapa mkono haufiki, hapa picha inapaswa kuonekana kwa ukubwa wake halisi.

Siri ya boksi ilikuwa uduni wake. Mtu haogopi kulikata kwa mkasi, wala hahitaji kuomba radhi kwa mhandisi aliyelitengeneza. Pelle Ehn, mmoja wa watafiti hao, aliandika juu ya uzoefu huo katika kitabu chake cha 1988, na baadaye akawa miongoni mwa waliojenga idara ya sanaa na mawasiliano ya chuo cha Malmö, kilichofunguliwa 1998. Kwa njia hiyo boksi la chama cha wachapaji liliingia darasani.

Wakati huohuo Marekani etnografia ilikuwa inaingia kwa mlango wa kampuni. Lucy Suchman, mwanaanthropolojia katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, alipewa tatizo la mashine kubwa ya fotokopi ambayo wateja waliilalamikia kuwa ngumu, ingawa iliundwa iwe rahisi. Aliwaweka watu wawiliwawili mbele ya mashine na kuwarekodi kwa video. Mtu aliye peke yake huwaza kimya, wakiwa wawili hulazimika kuambizana wanachodhani kinatokea. Katika filamu moja wanasayansi wawili mashuhuri wa kompyuta wanahangaika kutoa nakala ya pande mbili. Ilikuwa vigumu baada ya hapo kudai kwamba kosa ni la mtumiaji asiyesoma. Kitabu chake cha mwaka 1987 kilionyesha kwamba watu hawafuati mpango kama treni inavyofuata reli. Huutumia mpango kama kumbukumbu na kuamua kadiri hali inavyokwenda.

Kuanzia miaka ya 1990 vyuo vilichukua mambo haya kwa kasi. Institute of Design ya Chicago iliyaweka mazoezi ya kuchunguza watumiaji katikati ya masomo yake, na katikati ya miaka ya 2000 Stanford ikaanzisha kituo ambacho wanafunzi wa fani mbalimbali walianza kila kazi kwa kwenda kuonana na watu. Tatizo likawa muda. Mwanaanthropolojia hukaa mwaka au zaidi. Muhula una wiki chache, na mwanafunzi ana masomo mengine. Ikatokea etnografia ya haraka: mchana mmoja wa mahojiano, picha za simu, vikaratasi vya rangi ukutani. Kitu kilichopotea mapema zaidi ni kile cha Norway, yaani nguvu ya mtumiaji kukataa. Mchapaji wa UTOPIA alikuwa na chama nyuma yake. Mama anayehojiwa sokoni na wanafunzi wanne hana chochote, na wao wana tarehe ya kuwasilisha kazi.

Bill Gaver, Tony Dunne na Elena Pacenti walijaribu njia tofauti. Katika makala ya 1999 walieleza jinsi walivyowapa wazee wa Oslo, Amsterdam na kijiji cha Peccioli, Italia, vifurushi vyenye postikadi, ramani na kamera za kutupa baada ya matumizi, ili wajibu kwa wakati wao na kwa utani wao. Majibu hayakukusudiwa kuwa data. Vyuo vilivipenda vifurushi hivyo kiasi cha kuanza kuvijumlisha katika majedwali, na Gaver mwenyewe akalazimika kuandika tena mwaka 2004 kulalamika.

Urithi wa Nygaard ulifika Afrika kwa njia ya chuo kikuu cha Oslo. Watafiti wake walishiriki Afrika Kusini, katika miaka ya 1990, kujenga mfumo wa takwimu za afya pamoja na wahudumu wa wilaya. Kizazi chake cha baadaye, DHIS2, kilisambazwa Kenya nzima mwaka 2011, na kinatumika Tanzania pia.

Kwa upande wa bidhaa za kushikika, mfano unaoeleweka vizuri ni kiti cha magurudumu cha MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani. Amos Winter, akiwa mwanafunzi wa uhandisi, alikuja Tanzania mwaka 2005 kuchunguza viti vilivyokuwa vikitumiwa. Kiti cha kawaida cha hospitali kilikwama kwenye mchanga na barabara mbovu. Baiskeli ya matairi matatu ya kuzungushwa kwa mikono ilikwenda mbali lakini haikuingia ndani ya nyumba. Yeye na wenzake wakabuni kiti kinachosukumwa kwa mitaimbo miwili: ukishika juu unapata nguvu ya kupanda mlima, ukishika chini unapata mwendo. Mnyororo na gia vilikuwa vya baiskeli, ili fundi baiskeli yeyote aweze kuvitengeneza. MIT ikawa na kozi nzima ya kubuni viti vya magurudumu kwa nchi zinazoendelea.

Mwaka 2009 viti vya majaribio vilipelekwa kwa watumiaji wa Kenya, Uganda na Tanzania. Nje, kwenye miinuko na njia za vumbi, vilifanya vizuri kama hesabu zilivyotabiri. Ndani ya nyumba vilishindwa: vilikuwa vizito mno na vipana mno, na mtu anahitaji kiti kimoja cha kumpeleka sokoni na kumrudisha hadi chumbani kwake. Toleo lililofuata, lililojaribiwa Guatemala, lilipunguzwa uzito na upana, na baada ya hapo majaribio yakahamia India.