Waliozuia Nao Wakumbukwe



Juma lililopita nilikuwa nyumbani Chamwino, nikaalikwa kwenye kikao cha timu ya mpira ya kijiji. Tulikaa chini ya mwarobaini kandokando ya uwanja wa shule, wazee kwenye viti na vijana chini. Ajenda ilikuwa moja tu: fedha. Wanachama walikuwa wamechanga baada ya kuuza zabibu na alizeti, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi timu ilikuwa na kitu mfukoni.

Msimu uliopita timu hiyo ilifunga mabao mengi, lakini ikafungwa mengi zaidi. Pamoja na hayo, pendekezo lililoletwa kikaoni lilikuwa kwamba fedha zote apewe mshambuliaji mmoja wa kutoka mjini, kijana mwenye jina, aje atuchezee kwa muda wa mashindano. Wachache walipinga. Wao walitaka fedha zinunue mipira na viatu, na sehemu yake imlipe mwalimu wa kuwafundisha vijana wetu wenyewe namna ya kuzuia.

Wakanigeukia mimi. “Mzee, wewe ulicheza. Tuambie.” Ni kweli nilicheza, tena beki wa kulia. Nikasema kwamba timu hujengwa kuanzia nyuma. Kijana mmoja akainua mkono kwa adabu akasema: “Shikamoo mzee. Lakini ni nani aliyewahi kununuliwa soda kwa sababu alizuia?” Watu wakacheka, nami nikacheka. Sikuwa na jibu la haraka. Kikao kikaahirishwa hadi Jumapili ijayo, na mazungumzo yangu ya leo ndiyo jibu nililoshindwa kulitoa siku ile.

Tuanze na mwaka 1979. Tanzania ilikuwa ikiwania nafasi ya kucheza fainali za Kombe la Mataifa Huru ya Afrika za mwaka 1980 kule Lagos. Siku hizo fainali hizo zilikuwa za timu nane tu, kwa hiyo mlango wake ulikuwa mwembamba kama tundu la sindano. Kikwazo cha mwisho kilikuwa Zambia, timu iliyokuwa imefika fainali ya kombe hilo mwaka 1974. Mjini Dar es Salaam tulishinda bao 1-0. Tukaenda Ndola kwa mchezo wa marudiano tukiwa na akiba ya bao hilo moja.

Kila Mtanzania wa rika langu anajua kilichotokea Ndola. Zambia walitangulia kufunga, na akiba yetu ikaisha. Kisha, dakika za lala salama, Peter Tino akasawazisha. Mchezo ukaisha 1-1 na safari ya Lagos ikawa yetu. Mpaka leo, ukitaja Ndola, mtu atakutajia Tino, na anastahili heshima hiyo.

Lakini hebu tupige hesabu kidogo. Katika michezo miwili, yaani dakika 180, Tanzania ilifunga mabao mawili tu. Mabao mawili yalitosha kwa sababu Zambia, pamoja na ubora wao wote, walipata bao moja. Nyuma ya Tino walikuwapo watu kama Jellah Mtagwa na Leodegar Tenga, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa rais wa shirikisho letu la soka. Wote wawili walikuwa walinzi. Kama wao na wenzao wangeruhusu mabao mengine mawili pale Ndola, bao la Tino lingekuwa la kufutia machozi, na leo pengine tusingelikumbuka.

Kule Lagos mambo yalikuwa magumu. Tulifungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Kisha tukarudi nyumbani, na wasikilizaji, tukakaa nje ya fainali hizo kwa miaka 39. Katika miaka hiyo hatukukosa nyota. Tulikuwa na washambuliaji waliojaza viwanja, walioimbwa na waliopachikwa majina ya kila aina. Tulichokosa mara nyingi ni ile timu ya kwenda ugenini ikastahimili dakika 90 bila kubomoka.

Mwaka 2003 tulionyeshwa tena kwamba inawezekana, safari hii na klabu. Simba ilipangiwa Zamalek ya Misri katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Zamalek hawakuwa timu ya kawaida. Walikuwa ndio mabingwa watetezi, wametwaa kombe mwaka 2002. Mwalimu wa Simba alikuwa James Siang'a kutoka Kenya. Zingatieni kwamba katika uchezaji wake Siang'a alikuwa mlinda mlango wa timu ya taifa ya nchi yake. Mtu aliyeishi langoni anajua bao linatokea wapi kabla mpira haujafika.

Simba ilishinda nyumbani 1-0. Kule Cairo ikafungwa 1-0. Tazama tena hesabu hiyo: dakika 180 dhidi ya bingwa wa Afrika, na bingwa huyo kapata bao moja tu, tena nyumbani kwake. Katikati ya ulinzi walisimama Boniface Pawasa na Victor Costa, na mbele yao nahodha Selemani Matola na wenzake wa kiungo wakikata njia. Mchezo ukaamuliwa kwa mikwaju ya penalti, na golini alikuwa Juma Kaseja. Simba ikashinda 3-2. Penalti 3 kwa 2 ni hesabu ya walinda milango, maana siku ambayo wapigaji wanatamba huwa mnasikia 5-4.

Mkwaju uliowaondoa mabingwa ulipigwa na Christopher Alex Massawe. Hakuwa mfungaji wa kutegemewa wala mchezaji wa kuuza tiketi. Alikuwa kiungo, mtu wa kazi. Alifariki dunia mwaka 2013 hapa hapa Dodoma. Nawaomba vijana wa Chamwino walikumbuke jina hilo kila wanaposema kwamba historia haiwajali wasiokuwa nyota.

Sasa twende mwaka 2019, miaka 39 ilipotimia. Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam, ikafuzu fainali zilizofanyika Misri. Waliofunga ni Simon Msuva, Erasto Nyoni na Agrey Morris. Wa kwanza ni mshambuliaji, lakini hao wawili wa mwisho ni mabeki. Siku ile walinzi walizuia, kisha wakapanda mbele kufunga.

Hata hivyo, somo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile la safari ya fainali zilizofuata kwetu, zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa mwaka 2024. Tulikuwa kundi moja na Algeria, Uganda na Niger. Niger tulitoka nao sare 1-1. Algeria wakatufunga nyumbani 2-0. Uganda tukawafunga 1-0 kule Ismailia, Misri, walikochezea mchezo wao wa nyumbani, nao wakaja Dar es Salaam wakatulipa 1-0. Niger tukawafunga 1-0. Ikabaki Algeria, ugenini, tarehe 7 Septemba 2023, katika mji wa Annaba. Tulihitaji pointi moja.

Ni kweli kwamba Algeria walikuwa wamekwisha kufuzu. Lakini timu ya Kiarabu nyumbani kwake haipendi kuaibishwa, na Uganda walikuwa wakisubiri tuteleze. Mwalimu wetu wakati huo, Adel Amrouche, ni mzaliwa wa Algeria, kwa hiyo aliwajua ndugu zake. Timu yetu ilijipanga nyuma, ikabana nafasi, ikakubali kutokuwa na mpira kwa muda mrefu. Mchezo ukaisha 0-0. Tanzania ikafuzu kwa pointi 8, Uganda wakabaki na 7.

Wasikilizaji, hebu jumlisheni mabao yetu katika michezo hiyo sita. Ni matatu! Timu ya taifa ilifuzu fainali za Afrika kwa mabao matatu. Na bao muhimu kuliko yote ni lile ambalo halikufungwa kule Annaba.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mpira wa wanyonge. Naam, na sisi ndio wanyonge. Mwaka 2004 Ugiriki, ambayo hakuna aliyeihesabu, ilitwaa ubingwa wa Ulaya chini ya mwalimu Mjerumani, Otto Rehhagel. Robo fainali iliifunga Ufaransa 1-0, nusu fainali Jamhuri ya Cheki 1-0, na fainali Ureno 1-0, tena kwa Wareno wenyewe mjini Lisbon. Ufaransa walikuwa na nyota, Ureno walikuwa na nyota. Wagiriki walikuwa na watu kumi na mmoja waliojua kila mmoja asimame wapi.

Kwa nini basi ulinzi unamfaa asiye na fedha? Sababu ya kwanza ni kwamba ulinzi unafundishika. Kipaji cha kumpiga chenga mtu watatu hukijengi kwa wiki sita, lakini mabeki wanne unaweza kuwafundisha kutembea pamoja. Sisi mwalimu wetu alitufunga kamba kiunoni, mmoja hadi mwingine, tukakimbia nayo uwanjani. Ukibaki nyuma, kamba inakuvuta. Ukikurupuka mbele, unawaangusha wenzako. Baada ya mwezi mmoja kamba ilifunguliwa, na tukaendelea kukimbia kana kwamba ipo. Kamba ile aliiazima kwa mfugaji.

Sababu ya pili ni kwamba ulinzi hauondoki na basi la asubuhi. Nyota uliyemkodi akiugua malaria, akipewa kadi nyekundu, au akiitwa na timu yenye fedha zaidi, timu imekwisha. Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Timu moja niliyoichezea, sitaitaja, ilimtegemea mtu mmoja hata tukawa hatufanyi mazoezi bila yeye. Siku ya fainali hakutokea. Tulifungwa manne, na mimi beki wa kulia nilikuwa na sehemu yangu katika mawili. Wakati wote tulikuwa tukimtazama mwenzetu akifunga, wala hatukujifunza kuzuia.

Sababu ya tatu ni kwamba timu inayozuia vizuri haikati tamaa. Ukiwa 0-0 dakika ya 80, hata timu ya kijiji ina matumaini sawa na timu ya mjini.

Sitaki kuwadanganya. Ulinzi peke yake una mwisho wake. Kule Ivory Coast mwaka 2024 tulikuwa tukiongoza 1-0 dhidi ya Zambia, tena wakiwa kumi, tukarudi nyuma mno, wakasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache. Mchezo uliofuata tulitoka 0-0 na Kongo, tukarudi nyumbani. Bao moja katika michezo mitatu halikutosha. Na hata Ndola, bila mguu wa Tino, mambo yangekuwa mengine. Mfungaji anahitajika. Swali ni fedha zianze wapi.

Sisi wa huku tunalijua jibu bila kufundishwa na mzungu. Tazameni tembe la Mgogo la zamani. Kuta nene za miti na udongo, paa la udongo, limejengwa kuuzunguka ua, na usiku ng'ombe wanalala ndani ya ua huo. Mzee aliyejenga tembe hakuanza kwa kununua dume zuri la kuonyesha majirani. Alianza na ukuta, kwa sababu alijua kwamba fisi hajali uzuri wa dume. Na Chamwino yenyewe ni kijiji kilichojengwa enzi za ujamaa kwa matofali yaliyofyatuliwa kwa mikono, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alishiriki kazi hiyo.

Kwa hiyo ndugu zangu wa kamati, Jumapili nitakuja tena chini ya mwarobaini, na pendekezo langu ni hili. Nunueni mipira na viatu. Mlipeni mwalimu. Tafuteni kamba. Vijana wanne wa nyuma na mlinda mlango wafanye mazoezi pamoja kila jioni mpaka wajuane kwa sauti hata gizani. Fedha ikibaki, na kijana wa mjini akikubali kilichobaki, karibu sana, atatukuta tuna nyumba ya kumpokea.

Na wewe kijana uliyeniuliza swali, nimefikiri juma zima. Ni kweli sikuwahi kununuliwa soda kwa sababu ya kuzuia. Basi Jumapili hiyo nitakuja na kreti moja. Ni ya mabeki tu. Washambuliaji watakunywa maji.

Hadi juma lijalo, kwaherini.