Uzi Mmoja Uliobaki

Mwanamke ameketi peke yake juu ya tufe la dunia. Macho yake yamefungwa kitambaa, mgongo umepinda, kichwa kimekiinamia kinubi. Nyuzi za kinubi hicho zimekatika zote isipokuwa mmoja, naye ametega sikio kuusikiliza. Mchoro huu ni wa Mwingereza George Frederic Watts, aliyezaliwa London mwaka 1817. Aliuonyesha hadharani mwaka 1886, akaupa jina la Hope, yaani Tumaini.

Jina hilo halikubaliki upesi machoni. G. K. Chesterton, katika kitabu alichokitoa mwaka 1904, mwaka uleule aliofariki Watts, alieleza kwamba anayeutazama mchoro huu kwa mara ya kwanza angedhani unaitwa Kukata Tamaa. Wala si ajabu. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walimwekea Tumaini nanga, kwani nanga ikishika, chombo hakichukuliwi na mkondo. Watts aliiacha nanga hiyo. Mwanamke wake hana cha kumzuia asipeperuke.

Chimbuko la kazi hii ni msiba. Blanche, binti aliyelelewa na Watts, alikuwa amefiwa na mwanawe mchanga, Isabel. Mchoraji alikuwa akikaribia miaka 70, naye katika majonzi hayo hakuchora malaika wala mlango wa pepo. Alichora usikivu. Aliyefungwa macho haoni kama kunakucha. Amebakiwa na sikio, na sikio limebakiwa na sauti moja. Msanii wa rangi, ambaye riziki yake ni macho, aliliweka tumaini mahali ambapo macho hayafiki.

Toleo la pili la mchoro huu Watts alilitoa zawadi kwa taifa lake, na limo katika hazina ya Tate. Karibu miaka mia moja baadaye, mchungaji Jeremiah Wright wa Chicago aliuhubiria waumini wake. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, aliyachukua maneno ya hotuba hiyo, akayanena Boston mwaka 2004 na kuyafanya jina la kitabu mwaka 2006.

Jukwaani, uzi ule ulivuma kwa kishindo. Mchoroni bado ni mnong'ono. Isabel hakurudi, nyuzi zilizokatika hazikuungwa. Na mwanamke yule hajaondoa sikio lake.