Siku za Mionzi ni Sehemu ya Dozi: Biolojia ya Saratani ya Kichwa na Shingo na Mgonjwa wa Kizota

Tukizungumzia saratani nchini mwetu, mara nyingi tunazungumzia mashine na dawa. Makala haya yanatetea hoja kwamba, kwa saratani ya kichwa na shingo, malazi na lishe ya mgonjwa vihesabiwe kuwa sehemu ya tiba, kwa kuwa biolojia ya ugonjwa ndivyo inavyodai.

Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kinywa, koromeo na zoloto huanzia kwenye seli bapa za utando wa ndani. Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni tumbaku, hasa ikiambatana na pombe: huharibu vinasaba, na jeni ya p53, inayozuia seli yenye hitilafu isigawanyike, huwa miongoni mwa zinazoharibika zaidi. Ya pili ni virusi vya papiloma (HPV), hasa aina ya 16. Protini yake ya E6 huiangamiza protini ya p53, na E7 huilemaza Rb, breki nyingine ya seli. Uvimbe wa HPV kwenye koromeo huitikia mionzi vizuri zaidi kuliko ule wa tumbaku.

Tofauti hiyo iliwapa watafiti matumaini ya kupunguza makali ya tiba. Majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2018 yaliwapa wagonjwa wa HPV mionzi pamoja na dawa ya ketuksimabu badala ya sisplatini. Waliopewa ketuksimabu hawakuishi muda mrefu kama wenzao. Sisplatini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilishinda.

Lakini sifa ya kibiolojia inayotugusa zaidi ni kasi ya seli kuzaliana upya. Mwaka 1988 Rodney Withers na wenzake walionyesha kwamba baada ya takriban wiki 4 za tiba, seli zilizonusurika huongezeka kwa kasi, kiasi kwamba kila siku inayoongezeka huhitaji kama grei (Gy, kipimo cha dozi ya mionzi) 0.6 za ziada kuzifidia. Mwaka 1992 Jack Fowler na Mary Lindstrom walikadiria kuwa kila wiki ya kuchelewa hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa wastani wa asilimia 14. Dozi ya kawaida ni 70 Gy, vipindi 35, wiki 7. Mapumziko ya wiki moja katikati hayaachi dozi ileile.

Sasa mfikirie mkazi wa Kizota, jijini Dodoma. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Dodoma aliyehitaji mionzi alielekezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya kilomita 450 hivi kwa barabara. Treni ya SGR imeifupisha safari tangu 2024, ila haimpi pa kulala wiki 7. Kufikia wiki ya tatu kinywa kina vidonda na mate yamekauka. Ugali wa uwele haushuki hata kwa mlenda. Anakonda mpaka kinyago kinachoshikilia kichwa chake wakati wa mionzi kinalegea. Fedha zikiisha, anarudi nyumbani kupumzika kidogo. Uvimbe haupumziki.

Wapo wanaosema fedha zielekezwe kwanza kwenye mashine za karibu. Hoja hiyo ina uzito, kwani mashine ya jirani ingeondoa sehemu kubwa ya mzigo. Hata hivyo, asiyeweza kumeza hatamaliza vipindi hata akiishi jirani na hospitali, na mashine ikiharibika, siku hukatika vilevile. Kwa hiyo meno mabovu yang'olewe kabla ya mionzi, mrija wa kulishia uwekwe mapema, na makazi ya wagonjwa yatengewe bajeti. Kipindi kilichokosekana kifidiwe Jumamosi, au kwa vipindi viwili kwa siku vilivyotenganishwa kwa saa 6 au zaidi.

Kila hospitali ya mionzi iandike kwenye jalada la mgonjwa, kando ya dozi, siku zilizokatika na sababu zake. Tutakapoanza kuzihesabu, tutajua ni wangapi walioshindwa na ugonjwa, na ni wangapi walioshindwa na nauli.