Uteuzi wa Maeneo ya Dampo na Ulinzi wa Vyanzo vya Maji: Funzo la Tabata kwa Bungu, Usambara

Mnamo mwaka 1988, Joseph D. Kessy na wakazi wenzake wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya kero ya dampo. Mahakama Kuu iliamuru utupaji wa taka ukome. Taka zilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walifungua shauri mwaka 1991, na Mahakama ikawaunga mkono. Hatimaye zilipelekwa Vingunguti, katika bonde la Mto Msimbazi. Moshi na inzi vilipata walalamikaji, mto haukupata.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikuja kukataza shughuli za kudumu zinazohatarisha vyanzo vya maji ndani ya mita 60. Hata hivyo, katika maeneo ya milimani kama Bungu, umbali huo pekee hautoshi. Mvua huteremsha uchafu hadi kwenye vijito, ambavyo vingi, kupitia Lwengera na Mkomazi, huishia Mto Pangani. Mwathirika huishi bondeni, mbali na harufu ya dampo. Kwa hiyo, uteuzi wa eneo hauna budi kuanza na njia ya maji, ndipo ufuate umbali wa makazi.