Luteni Columbo: jina la uongo lililofika tribinali

Mwaka wa 1984, huko Marekani, mwandishi mmoja aitwaye Fred L. Worth alipeleka mashitaka tribinali. Alidai alipwe dola milioni 300. Kiini cha kesi yake kilikuwa jina moja tu: Philip.

Waliotazama televisheni zamani wanamkumbuka Luteni Columbo, polisi wa Los Angeles mwenye koti la mvua lililokunjamana, sigara nene mkononi, na jicho moja lisilofuata mwenzake. Katika nchi zinazosema Kifaransa, wengi wanamjua kwa sauti ya Serge Sauvion, mwigizaji Mfaransa aliyemsemea kwa miaka mingi. Columbo alikuwa na jina la ukoo peke yake. Mtu akimuuliza jina lake la kwanza, alijibu kwamba jina lake la kwanza ni Luteni.

Mwaka wa 1974 Worth alitoa kitabu kikubwa cha mambo madogomadogo ya kila aina: michezo, sinema, marais, nyimbo. Humo ndani alitega mtego. Aliandika kwamba jina la kwanza la Columbo ni Philip. Hakuna filamu hata moja iliyosema hivyo, alilitunga mwenyewe, ili yeyote atakayenakili kitabu chake ajulikane. Miaka ikapita. Ukaja mchezo wa maswali uitwao Trivial Pursuit, uliobuniwa na Wakanada wawili, Chris Haney na Scott Abbott, ukauzwa kwa mamilioni. Kwenye karata mojawapo kulikuwa na swali: Columbo anaitwa nani jina la kwanza? Nyuma ya karata, jibu: Philip.

Mtego ulikuwa umenasa. Lakini wenye mchezo hawakukana. Walisema ndiyo, tulitumia kitabu chake, kama tulivyotumia vitabu vingine vingi. Majaji wakakubaliana nao: habari za mambo yaliyopo hazina mwenyewe, mtu hawezi kuzifungia. Mwaka wa 1987 tribinali ya rufaa ilisema vilevile. Worth hakupata kitu. Basi aliyetunga uongo hakulipwa, na walioueneza hawakuadhibiwa. Na jina lenyewe liliendelea na safari. Mpaka leo kuna watu wanaoapa kwamba Columbo aliitwa Philip. Uongo haukaguliwi kwenye bariyeri, ukishatoka, unapita.

Ajabu ni kwamba jina lilikuwapo, machoni pa watu wote. Katika filamu iitwayo "Dead Weight" ya mwaka wa 1971, Columbo anatoa karti yake ya polisi, na karti hiyo imeandikwa Frank. Inaonekana kwa muda mfupi sana. Siku zile picha ya televisheni haikuweza kusimamishwa, ikipita imepita. Ni baadaye, kaseti na diski zilipofika, ndipo watazamaji walipoisimamisha na kusoma. Lakini katika mazungumzo yote ya filamu, jina hilo halikutamkwa.

Waliomtunga Columbo ni Richard Levinson na William Link, marafiki tangu shuleni huko Philadelphia. Mara ya kwanza alionekana mwaka wa 1960, akiigizwa na Bert Freed, na watu wachache sana wanalikumbuka hilo. Mwaka wa 1962 akapanda jukwaani katika mchezo wa kuigiza, safari hii akiwa Thomas Mitchell, mzee ambaye aliaga dunia kabla mwaka huo haujaisha. Filamu ya televisheni ilipotayarishwa, mwimbaji Bing Crosby aliombwa kazi hiyo akakataa. Peter Falk ndiye aliyeitaka. Watungaji walimwona kijana mno, maana alikuwa na miaka 40 tu filamu ilipoonyeshwa mwaka wa 1968. Jicho lake la kuume lilikuwa la kutengenezwa. La kuzaliwa nalo lilitolewa kwa sababu ya kansa alipokuwa na miaka mitatu. Katika filamu nyingi hakuna anayeligusia. Ni mwaka wa 1997, katika "A Trace of Murder", Columbo anapomwambia mwenzake kwamba macho matatu ni bora kuliko moja.

Na lile neno lake, la kurudi mlangoni wakati muuaji ameanza kupumua: samahani, bado kuna jambo moja tu? Lilizaliwa kwa uvivu. Levinson na Link walikuwa wakiandika mchezo wa jukwaani kwa mashini. Wakaona sehemu moja imekuwa fupi, na Columbo amekwisha kutoka nje. Kuichapa upya yote ilikuwa kazi. Wakaamua tu arudishe kichwa chake mlangoni na kuuliza swali moja zaidi.

Koti lilikuwa lake Falk mwenyewe. Alisimulia kwamba alilinunua New York kwa dola 15 siku mvua ilipomkamata barabarani. Gari, Peugeot 403 isiyo na paa gumu, alilichagua mwenyewe kati ya magari ya studio, na kadiri lilivyozidi kuchoka ndivyo alivyolipenda. Kuhusu mbwa, Falk alikataa mwanzoni. Aliona vitu vinatosha: koti, sigara, gari. Kisha wakamletea mbwa mzee, mzito, mwenye masikio yanayofagia chini, akasema huyo ndiye. Filamu ya kwanza ya mfululizo, "Murder by the Book" ya Septemba 1971, iliongozwa na kijana wa miaka 24 ambaye jina lake halikujulikana bado. Aliitwa Steven Spielberg.

Lakini kilichofanya filamu hizi zidumu ni mpango wake. Muuaji anaonyeshwa tangu mwanzo. Mtazamaji anamjua, na punde Columbo pia anamhisi. Kinachokosekana ni ushahidi. Yeyote aliyewahi kupita mbele ya nyumba ya mtu ambaye kijiji kizima kinajua alichofanya, na hakuna karatasi wala shahidi wa kumgusa, anaelewa jinsi muda huo ulivyo mrefu. Na wauaji wa Columbo karibu wote ni wakubwa: madaktari, majenerali, wenye mali, waandishi mashuhuri. Yeye anawaingilia kwa adabu, akiwasimulia habari za bibi yake, ambaye hatumwoni hata mara moja.

Tena hatembei na bunduki. Katika "Forgotten Lady" ya mwaka wa 1975, wakubwa wake wanamdai afanye mtihani wa kulenga shabaha, ambao anaukimbia. Mwishowe anamtuma askari mwingine akaufanye kwa jina lake. Filamu hiyohiyo ina jambo lisilo la kawaida. Janet Leigh anaigiza mcheza sinema wa zamani aliyemuua mume wake. Anakaa akitazama sinema yake ya ujana, na sinema ile ni ya kweli, ya mwaka wa 1953, Janet Leigh mwenyewe akiwa kijana. Columbo anagundua yote. Anagundua pia kwamba mama huyu ana ugonjwa wa kichwa usiopona, unaomla kumbukumbu, na kwamba hakumbuki tena kuwa aliua. Rafiki yake wa zamani, anayempenda, anasimama na kusema ni yeye muuaji. Columbo anamwambia uongo huo hautadumu. Unahitaji kudumu miezi miwili tu, anajibiwa. Columbo anamchukua yule mwanamume, na mama anabaki mbele ya sinema yake.

Kuna watazamaji wanaosema siku ile luteni hakufanya kazi yake. Neno lao si bure: kuna mtu aliyekufa. Hata hivyo filamu haiwajibu, na ni vizuri haikuwajibu.

Falk aliendelea na koti lake mpaka mwaka wa 2003, jumla ya filamu 69. Miaka yake ya mwisho naye alipoteza kumbukumbu, kwa ugonjwa wa Alzheimer. Alifariki Juni 2011, akiwa na miaka 83.

Mwaka wa 2014, mji wa Budapest huko Hungaria ulimjengea sanamu ya shaba, Columbo akijikuna kichwa na mbwa wake yuko mbele. Iko katika barabara iitwayo Falk Miksa, jina la mwanasiasa wa zamani wa nchi hiyo. Inasemekana Peter Falk alikuwa wa ukoo wake. Ushahidi haujapatikana.