Marekani: Rekodi ya kocha na kijana mwenye mpira, sapota wanabishania nini?

Kila siku ya posho, ni kusema jumamosi, kuanzia mwisho wa mwezi wa nane mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, viwanja vya vyuo vikuu vya Marekani vinajaa watu. Kile cha Michigan, katika mji wa Ann Arbor, kinabeba zaidi ya watu 107 000. Wanaocheza ni wanafunzi. Mechi ikiisha, mabishano yanaanza: kocha abaki ao afukuzwe? Kijana anayeongoza mashambulizi aendelee, ao akae kwenye benchi?

Familia nyingi za Wakongo waliopokelewa Marekani kama wakimbizi zinaishi Ohio, Michigan, Kentucky na Texas, pahali ambapo mazungumzo haya ni ya kila siku kazini na shuleni. Makala hii inaeleza mabishano yenyewe, na kwa nini namba moja haitoshi kumuhukumu kocha wala kijana.

Ni mchezo gani?

Futboli ya Kimarekani haiko mpira wa miguu unaochezwa Bukavu ao Kindu. Mpira wake una umbo la yai, na unachezwa zaidi kwa mikono. Kila ekipe inakuwa na wachezaji 11 kiwanjani. Ekipe yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, karibu mita 9. Ikifaulu, inapata mengine manne. Ikishindwa, mpira unaenda kwa wapinzani. Kufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho ni pointi 6, na teke la nyongeza linaleta 1. Teke la kupitisha mpira kati ya milingoti, bila kufika kwenye mstari, ni pointi 3.

Mtu wa katikati katika hayo yote anaitwa kwotabeki. Karibu kila jaribio linaanza mikononi mwake. Kwa sekunde chache tu anatazama walinzi wamejipanga namna gani, alafu anaamua: kumrushia mwenzake, kumkabizi mkimbiaji, ao kukimbia mwenyewe. Akikosea yeye, jaribio limepotea. Ndiyo maana akishinda anasifiwa kuliko wote, na akishindwa anatukanwa kuliko wote.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kati ya vyuo ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers ikashinda Princeton 6 kwa 4.

Rekodi inasomwa namna gani?

Rekodi ya kocha inaandikwa kwa namba mbili: ushindi kwanza, kushindwa kunafuata. 10-2 ni kusema alishinda mara 10, akashindwa mara 2. Zamani kulikuwa na namba ya tatu, ya kulingana.

Kwa kawaida chuo kinacheza mechi 12 tu kwa msimu mbele ya michuano ya mwisho. Katika ligi kubwa ya mpira wa miguu ya Uingereza, ekipe inacheza mechi 38, kwa hiyo siku moja mbaya inaweza kurekebishwa. Huko vyuoni ni vigumu. Kati ya msimu wa 2014 na wa 2023, ekipe 4 tu ndizo zilichaguliwa kuwania ubingwa wa taifa. Toka 2024 ni 12.

Kwa hiyo sapota hawatazami jumla peke yake. Wanaigawanya:

- rekodi mbele ya mpinzani wa jadi;
- rekodi mbele ya ekipe kubwa;
- hesabu ya ubingwa;
- wachezaji aliwaleta yeye, ao aliwakuta?

Hapo ndipo watu wawili wanaweza kutazama kocha mumoja, kila mtu na namba ya kweli mkononi, na wasisikilizane.

Mzaliwa wa Kinshasa ndani ya rekodi ya kocha

Mfano mmoja unagusa Kongo. John Cooper alifundisha Ohio State kuanzia 1988 mpaka 2000. Jumla yake ni ushindi 111, kushindwa 43, kulingana 4. Ni rekodi nzuri. Lakini mbele ya Michigan, mpinzani wa jadi, alishinda mara 2, akashindwa 10, akalingana mara 1. Mwanzoni mwa 2001 alifukuzwa.

Katika zile mechi 10, moja ilichezwa mwezi wa kumi na moja 1995. Ohio State ilikuwa haijashindwa hata mara moja msimu ule. Michigan ilikuwa na mkimbiaji Tshimanga Biakabutuka, aliyezaliwa Kinshasa 1974 na kukomalia Quebec, nchini Canada. Siku ile alikimbia na mpira yadi 313, karibu mita 286, na Michigan ikashinda 31 kwa 23. Mwaka uliofuata alichaguliwa wa nane na ligi ya kulipwa, akaenda Carolina Panthers.

Sapota wa Ohio State waliandika kushindwa kule kwa jina la Cooper. Mwaka wa 2008 Cooper aliingizwa kati ya watu wa heshima wa futboli ya vyuo. Rekodi moja ilimfukuzisha, ile ingine ikamuletea heshima.

Kama wangemufukuza mapema?

Jim Harbaugh alifika Michigan 2015. Alishindwa na Ohio State mara 5 za kwanza, na msimu wa 2020 alimaliza 2-4. Wengi walisema imetosha. Chuo kikamubakiza kwa mshahara uliopunguzwa. Michigan ilishinda Ohio State 2021, 2022 na 2023, na Januari 2024 ikatwaa ubingwa wa taifa bila kushindwa, 15-0. Kwotabeki wake, J.J. McCarthy, aliondoka chuoni na 27-1. Wapinzani wanakumbusha kwamba msimu ule wa ubingwa Harbaugh alisimamishwa mechi 6 juu ya makosa ya sheria za mchezo. Hiyo pia imo katika mabishano.

Upande wa Ohio State, Ryan Day alikuwa anashinda karibu kila mtu isipokuwa Michigan. Tarehe 30 Novemba 2024 alishindwa nayo mara ya nne mfululizo, 13 kwa 10, nyumbani kwake, na Michigan ile haikuwa na nguvu. Watu wake mwenyewe waliomba aondoke. Siku 51 nyuma yake, tarehe 20 Januari 2025, alikuwa bingwa wa taifa, akiwa ameshinda Notre Dame 34 kwa 23. Rekodi yake ilifika 70-10.

Nani anamufanya mwenzake?

Swali gumu zaidi ni hili: kocha ndiye anatengeneza kwotabeki, ao kwotabeki ndiye anatengeneza kocha?

Ed Orgeron alimaliza kazi yake ya chuo cha Ole Miss na 10-25. Baadaye, akiwa LSU, alimupata Joe Burrow, kijana aliyekuwa anakaa benchi Ohio State. Msimu wa 2019 Burrow alirusha mipira 60 iliyoleta pointi 6, LSU ikawa bingwa, 15-0. Burrow akaenda ligi ya kulipwa. Msimu uliofuata LSU ilimaliza 5-5, na mwisho wa 2021 Orgeron alikuwa ameondoka. Wanaomutetea wanasema yeye ndiye alimuleta Burrow na kumupa nafasi. Wengine wanajibu kwamba bila Burrow, namba zinaonyesha alikuwa kocha wa kawaida. Pande zote mbili zina hoja.

Vijana wawili wa miaka 19

Tarehe 8 Januari 2018, fainali ya taifa, Alabama ilikuwa nyuma ya Georgia 13 kwa 0 wakati wa mapumziko. Kocha Nick Saban alimutoa kwotabeki Jalen Hurts, aliyeanza mechi 28 na kushindwa 2 tu. Akamuingiza Tua Tagovailoa, aliyekuwa mwaka wa kwanza. Wote wawili walikuwa na miaka 19. Alabama ilishinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza, kwa mpira uliorushwa na Tagovailoa.

Hurts hakukimbia. Alibaki mwaka mzima kama wa pili. Mwezi wa kumi na mbili 2018, mbele ya Georgia tena, Tagovailoa aliumia, Hurts akaingia, Alabama ikashinda 35 kwa 28. Kisha alihamia Oklahoma. Februari 2025 alishinda Super Bowl na Philadelphia Eagles, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Aliyetolewa mbele ya taifa zima hakuwa mchezaji mbaya. Siku ile tu, mwenzake alifaa zaidi.

Arch Manning wa Texas alipitia upande mwingine, kusifiwa mbele ya kazi. Baba wadogo wanajulikana sana katika jina lile: Peyton na Eli, ndugu za baba yake, kila mtu alishinda Super Bowl mara 2. Alingojea miaka miwili nyuma ya mwenzake. Tarehe 30 Agosti 2025 alianza msimu na ekipe iliyowekwa namba 1, akashindwa na Ohio State 14 kwa 7. Jioni ile ile watu walisema hawezi. Texas ilimaliza mechi 12 na ushindi 9.

Feza zimebadilisha nini?

Toka mwezi wa saba 2021, mwanafunzi anaweza kulipwa kwa matangazo ya biashara yanayotumia jina lake. Mwaka ule pia kuhama chuo kukawa rahisi: hapo mbele, mengi ya mahamisho yalimulazimisha mchezaji kukaa mwaka mzima bila kucheza. Toka 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji.

Kwa hiyo uvumilivu umepungua. Kocha hana tena miaka 3 ya kulea kijana, na kijana hakubali tena kungojea kama Hurts. Makocha wana kinga ya mkataba: Texas A&M ilipomufukuza Jimbo Fisher mwezi wa kumi na moja 2023, ilibaki na deni la zaidi ya dola milioni 75 kwake. Kijana anayeumia goti hana kinga ya namna ile.

Kupima kwa haki

Anayesikia ndugu yake wa Columbus ao wa Dallas akisema kocha fulani hafai, anaweza kuuliza maswali matatu. Namba hiyo ni ya jumla, ao ya mbele ya mpinzani mumoja? Kwotabeki alikuwa nani, na alikuwa na mwaka wa ngapi? Na kocha alipewa miaka mingapi? Kama majibu hayapo, namba ile haijasema kitu bado. Na kwa kijana wa miaka 19, mechi moja ni kidogo sana kwa hukumu.